Umehamia mtaa mpya Dar es Salaam? Namna ya kupata pa kula ndani ya wiki moja

Swali ni lilelile kila mwezi: nimehamia Sinza, nimepata chumba Tabata, nimepangishiwa Mbagala, nile wapi vizuri bila kufilisika? Muulizaji anataka apewe jina la mgahawa. Jina halimfikishi mbali. Mama ntilie aliyesifiwa Januari, ikifika Juni keshahama kona. Kijana wa chipsi akisafiri kwao, jikoni anabaki mdogo wake ambaye bado anajifunza kugeuza mayai. Kibanda kizuri kinavunjwa barabara ikipanuliwa. Kwa hiyo hapa hupewi majina, unapewa namna ya kutafuta, na ukishaizoea utaitumia kila utakapohama.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa chumba cha kupanga, anatoka asubuhi kurudi jioni, hana muda wa kupika kila siku. Tumeuandika kwa Dar es Salaam. Ukiwa Mwanza au Morogoro hatua ni hizihizi, utabadilisha samaki tu.

Andaa hivi kwanza

- Chenji: noti za 1,000 na 2,000, na sarafu za 500. Ukitoa noti ya 10,000 saa 1 asubuhi, mtoto atatumwa dukani kutafuta chenji na supu yako inapoa.
- Simu yenye pesa ndani. Vibanda vingi sasa vina Lipa Namba, lakini mtandao ukisumbua hakuna atakayekusubiri.
- Chupa ya maji yako. Maji ya jagi lililo mezani yaache mpaka ujue yanatoka wapi.
- Chombo chenye kifuniko cha kubebea. Mchuzi wa moto kwenye mfuko laini wa plastiki ni balaa kwa mkono na kwa nguo.
- Pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, unaokunywa ukiharisha) kutoka duka la dawa. Si lazima utazihitaji, ila siku ukizihitaji hutakuwa na nguvu za kwenda kuzitafuta.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Kama sh 10,000 kwa siku kwa wiki hiyo. Sahani ya mama ntilie mitaa ya kawaida huwa kati ya sh 2,000 na sh 4,000 kutegemea kitoweo, na utakuwa ukionja zaidi ya sehemu moja.

Anza Jumatatu, katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi kila banda lina watu kwa sababu mishahara imeingia, na hutajua nani anapendwa na nani amepata bahati ya wiki. Tarehe 15, mwenye wateja ana wateja kweli. Jumapili usianze kabisa: mama ntilie wanaolisha mafundi na watu wa ofisi huwa wamepumzika, na utaondoka ukidhani mtaa hauna chakula.

Jambo moja la kuelewa

Tafuta sufuria inayoisha. Banda la chakula mara nyingi halina friji nyuma yake, kwa hiyo usalama na utamu wake vinategemea kasi ya kuuza. Kilichopikwa saa 4 asubuhi kikaisha saa 8 mchana, ni cha leo. Kilichobaki mpaka jioni, kesho kitapashwa, nawe ndiye utakayeuziwa kiporo.

Kila banda lina saa yake na chakula chake kimoja linachokijua. Supu ni kuanzia saa 12 mpaka saa 4 asubuhi. Wali na ugali ni saa 6 mpaka saa 9 mchana. Kahawa, mihogo na pweza huanza kama saa 10 jioni. Chipsi, mishikaki na nyama choma ni giza likiingia mpaka saa 5 usiku, au zaidi. Ukila supu saa 7 mchana ukasema banda ni baya, kosa ni lako.

Hatua ya 1: Zunguka kwa miguu, dakika 10 kila upande

Fanya hivi jioni ya kwanza, bila kula. Toka nyumbani, tembea dakika 10 upande mmoja, rudi, nenda upande mwingine. Unachoandika ni wateja, mabanda yatafuata: gereji, nyumba zinazojengwa, soko, msikiti, kanisa, shule, zahanati, ofisi, kijiwe cha bodaboda, kituo cha daladala, baa.

Penye gereji na ujenzi patakuwa na ugali mkubwa na maharage mazito, maana fundi hawezi kubeba mifuko ya saruji kwa vijiko vitano vya wali. Eneo kama Gerezani, kwenye karakana na maduka ya vipuri, utaliona hilo wazi ikifika saa 6. Karibu na soko mboga huwa mbichi zaidi na ndizi hazikosekani. Anayekaa jirani na Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi la pale Mabibo, akikosa mtori au ndizi nyama ya maana, hajatafuta. Jirani na msikiti tegemea chapati nzuri, na pilau siku ya Ijumaa. Penye ofisi, akina mama huja na hotpoti wakiwa wameshapika nyumbani.

Kituo kikubwa cha daladala kiwekee alama ya kuuliza. Mpita njia akilishwa vibaya harudi kulalamika, na muuzaji analijua hilo. Vibanda vizuri vipo, lakini vitafute baada ya kumaliza ndani ya mtaa.

Ramani ya Google itakuonyesha migahawa yenye mabango tu. Mama ntilie wa chini ya mwembe hayumo. Ukiitumia, nyota ziache. Angalia picha zilizowekwa na wateja karibuni, uone sahani inavyofika mezani.

Hatua ya 2: Uliza mtu anayekula hapo kila siku

Wanaojua ni hawa: bodaboda wa kijiweni, mafundi, kinyozi, muuza duka la Mangi, walinzi wa usiku na wahudumu wa zahanati. Wenye nyumba wana majiko yao, usiwasumbue.

Swali ndilo linalokosewa. Ukiuliza "Wapi kuna chakula kizuri?" mtu atakutazama viatu, kisha atakuelekeza sehemu anayodhani inakufaa, kwa kawaida yenye viti vya plastiki vipya na bei ya juu. Uliza hivi:

"Habari za kazi, kaka. Jana mchana ulikula wapi?"

Atakutajia sehemu halisi. Ongeza: "Asubuhi supu unakunywaga wapi?" Uliza watu watatu wasiokaa pamoja. Banda likitajwa mara mbili, liandike. Likitajwa na bodaboda halafu na muuguzi, hilo ndilo la kuanzia, kwa sababu mmoja anaangalia shibe na mwingine anaangalia usafi.

Usipite kijiwe cha kahawa bila kukaa. Salimia kwanza, wazee shikamoo, agiza kikombe na kashata, kaa dakika 20. Ukiwahi tu kuuliza utajibiwa kwa mkato. Mazungumzo ya mpira yakishika moto chomeka la kwako, na hapo utaambiwa hata nani anaweka hamira kidogo kwenye vitumbua.

Hatua ya 3: Asubuhi, supu

Fika kabla ya saa 2. Sufuria iwe juu ya moto na inachemka. Supu ya vuguvugu ondoka. Supu ya makongoro huchemshwa kwa saa nyingi, wengi huwasha moto usiku wa manane, na hapo ndipo ute wa mifupa unapotoka. Nzuri hunata midomoni ukimaliza kunywa. Ikiteleza kama maji ya moto yenye chumvi, mfupa mmoja umetumikishwa kwa siku mbili, au imeongezwa maji wateja walipozidi. Ndiyo maana tunasisitiza kuwahi: anayefika saa 4 hunywa nyongeza.

Supu ya utumbo inahitaji macho zaidi. Harufu yake ipo, hiyo ni kawaida, lakini ikifanana na zizi basi haikuoshwa sawasawa. Usijaribu kuizima kwa ndimu na pilipili. Iache.

Chapati: simama uone kama ziko kwenye chuma au zimerundikwa tangu jana. Chapati ya leo hukunjwa mara nne bila kupasuka. Ya jana iliyopashwa huvunjika kwenye mkunjo na huacha mafuta baridi vidoleni.

Agiza nusu au bakuli dogo siku ya kwanza. Sehemu nyingi zina saizi mbili hata kama hawajaandika popote.

Hatua ya 4: Mchana, mama ntilie

Hapa ndipo utakapokula mara nyingi kuliko kwingine, kwa hiyo ndipo pa kukagua zaidi. Fika saa 6 kasoro robo. Usikae bado. Simama pembeni kama unayengoja mtu, na uangalie mambo haya kwa dakika 10:

a) Maji ya kunawa. Ndoo yenye koki na sabuni pembeni ni alama nzuri. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono ni sababu tosha ya kuondoka, hata chakula kinukie vipi.

b) Vyombo vinaoshwaje. Mabeseni matatu yanatosha: la sabuni, la kusuuza, la kusuuza tena. Chungulia la mwisho. Kama maji yake yana rangi ya mchuzi, sahani yako itakuwa na mchuzi wa mwenzako.

c) Nani anashika pesa. Noti ni chafu. Anayepakua asiwe anayepokea pesa, au awe ananawa kati ya kazi hizo mbili. Peke yake akizidiwa, utaona kijiko kinashikwa na mkono uliotoka kurudisha chenji.

d) Vifuniko. Wali kwenye hotpoti iliyofungwa na mchuzi ulio juu ya mkaa viko salama zaidi kuliko sinia lililo wazi, hata likifunikwa kitambaa. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 za sentigredi. Huna kipimajoto, ila mvuke unauona: hotpoti ikifunguliwa bila mvuke, wali umeshapoa.

e) Nani anakula. Mafundi wale wale wakija wawili wawili bila kuuliza bei, hao ni wateja wa siku zote.

Ukiridhika, salimia, uliza "Mama, leo kuna nini?" na bei kabla ya kupakuliwa. Katika sehemu nyingi bei ya wali nyama au wali samaki tayari ina maharage, mboga za majani na kipande cha tunda. Ukiuliza baada ya kula, umekubali bei yoyote.

Siku ya kwanza agiza wali maharage na mchicha au matembele. Nyama isubiri. Maharage hutoboa siri za mpishi: mazuri ni laini lakini hayajapasuka yote, rojo ni zito, na kitunguu kimeiva ndani yake. Mabaya yanaelea kwenye maji, na moja kati ya matano linagonga jino. Kama yameungwa kwa nazi, angalia tui limekatika au halijakatika. Likikatika utaona chembe nyeupe na mafuta yamejitenga juu. Haliui mtu, lakini linaonyesha mpishi aliacha jiko akaenda kupiga soga. Mpishi anayeheshimu maharage, kwenye nyama hatakuangusha.

Wali usome hivi: punje zinaachana, haunuki moshi, hauna mawe. Jiwe moja ni bahati mbaya. Mawili ndani ya sahani moja ni mchele usiochambuliwa, na halitakuwa jambo la siku moja. Ugali ukishikwa usibaki kidoleni na usiwe na ladha ya unga mbichi. Ukinata au ukiwa na ladha hiyo, haukusongwa ukaiva, na jioni tumbo litajaa upepo.

Ziara ya pili kula nyama. Ya tatu samaki, tena wa kukaangwa, akauke mpaka mifupa midogo itafunike. Samaki wa mchuzi ni wa mpishi unayemwamini.

Onyo la kiporo: wali uliolala bila friji ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la Dar kwa muda unaozidi saa 2, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue. Dalili za wali uliochacha ni uteute kidogo kati ya punje na harufu kama ya togwa. Lakini sumu inaweza kuwepo kabla ya harufu, kwa hiyo ukijua ni wa jana, usile.

Rudi mara moja saa 8 na nusu, upite tu. Masufuria yanaoshwa? Huyo ni wako. Bado yamejaa nusu? Uliza lini yatakwisha, na siku inayofuata usiwe wa kwanza kufika.

Hatua ya 5: Jioni, mihogo, pweza na chipsi

Kwa chipsi kila kitu kimo kwenye mafuta. Mafuta mazuri ni ya rangi ya dhahabu na yana mapovu pale tu viazi vinapoingia. Yakiwa meusi kama kahawa, yakitoa povu muda wote na moshi unaochoma macho, yamechoka, yamekaanga tangu juzi. Chipsi zake hutoka na rangi ya udongo na huacha uchungu nyuma ya ulimi.

Usichukue zilizolala kwenye kioo chini ya taa. Sema "nikaangie za moto, nasubiri," na subiri kweli, ni kama dakika 8. Kwa zege, yaani chipsi mayai, taja idadi ya mayai na useme unataka ikauke. Mayai yapasuliwe mbele yako. Yaliyokwishakorogwa kwenye jagi tangu saa 11 jioni hayana maelezo.

Kuku wa vibanda hivi huwa ameshachemshwa au kukaangwa nusu mapema, kisha anamaliziwa ukiagiza. Si vibaya. Unachotaka ni awe moto mpaka kwenye mfupa. Mpasue paja kwanza. Nyama ya karibu na mfupa ikiwa ya waridi na ya baridi, mrudishie jikoni bila aibu.

Mishikaki onja mmoja kabla ya kuagiza mitano. Nyama iliyolowekwa vizuri kwa tangawizi, kitunguu saumu au papai bichi hukatika kwa jino. Ikilainika kama maini na kuacha unga mdomoni, papai limezidi.

Vitu vitatu vya pembeni ndivyo huwaangusha wengi, halafu chipsi zinasingiziwa. Kachumbari haipikwi, inaoshwa kwa maji ya hapo, na huenda imekatwa tangu mchana; mpaka uone imekatwa ukiwepo, iache. Tomato sosi na mayonezi za kwenye chupa zisizo na lebo mara nyingi zimeongezwa maji. Na pilipili ya bakuli la wote, ambalo kila mlaji wa pweza anachovya kijiti kilichotoka mdomoni, omba umiminiwe yako pembeni. Muuza pweza hatakasirika, ameshazoea.

Pweza mwenyewe awe amekatwa muda huo, na supu yake iwe inachemka. Mihogo ya kukaanga ni salama kuliko karibu kila kitu cha jioni, mradi itoke kwenye mafuta mbele yako. Wanaokwenda Coco Beach Jumapili wanalijua hilo, ingawa mtaani kwako huenda ipo ya bei nafuu zaidi na bila upepo wa kukutilia mchanga.

Hatua ya 6: Ijumaa na wikiendi

Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini, fuata pilau na biriani. Fika mapema, huisha haraka kuliko wali wa siku nyingine. Pilau lisiwe na mafuta yaliyotuama chini ya sahani, na viungo uvisikie bila kuvitafuna.

Nyama choma huuzwa kwa kilo. Mizani itazamwe na wewe, kabla nyama haijaingia motoni, kwa sababu ikiiva inapungua sana na hakuna atakayekubali kubishana. Kilo moja ya mbuzi inawatosha watu wawili, watatu kama kuna ndizi za kuchoma. Itachukua dakika 45 mpaka saa nzima. Ikifika mezani baada ya dakika 15, ilikuwa imechomwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kitimoto, au mdudu kama wengi wanavyomwita, hana bango; uliza taratibu kwenye baa. Aive kabisa, asibaki na uwaridi popote, maana minyoo ya tegu hupitia kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva. Na kama unakula halali tu, ulizia jiko: baa inayochoma mbuzi na kitimoto mara nyingi hutumia wavu na kisu kimoja.

Hatua ya 7: Chuja, kisha jifanye mwenyeji

Usimpitishe mtu kwa sahani moja. Kula mara tatu, siku tofauti. Andika: siku, saa, ulikula nini, bei, na tumbo lilikuwaje kesho yake. Mwisho wa wiki ubaki na sehemu nne: supu moja, mchana mbili, jioni moja. Ya mchana ya pili ni ya akiba, siku mama wa kwanza akiwa msibani.

Kisha mzoee. Jua jina analoitwa, "Mama Fulani", na umwite hivyo. Chukua namba yake. Saa 5 asubuhi mwambie "Mama, niwekee sahani moja, nakuja saa 7," na uende kweli. Ukimwacha na sahani mara mbili hatakuwekea tena. Kula kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi kunawezekana, lakini piga hesabu mwenyewe pia, na usianze kabla ya mwezi mmoja wa kulipa taslimu. Deni la wali limewahamisha watu njia ya kupita kwenda kazini.

Ukikwama

*Mtaa ni wa mageti, hauna hata banda moja.* Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach chakula kipo, kimejificha. Tafuta nyumba inayojengwa au kundi la walinzi. Saa 6 mchana utaona mama anashuka kwenye bajaji na hotpoti mbili. Mfuate.

*Ni Ramadhani.* Mabanda mengi hufunga mchana, mengine huweka pazia. Geuza ratiba: jioni kuna futari, mihogo na magimbi ya nazi, tambi, maharage, uji, na ndiyo wakati mzuri wa kuonja mikono ya wapishi wengi kwa bei ndogo.

*Huli nyama.* Usitaje neno la jumla, taja vitu. Mchicha au kisamvu unaweza kuwa na dagaa ndani, na maharage yanaweza kumiminiwa mchuzi wa nyama "yanoge". Sema mapema: "Usiniwekee mchuzi wa nyama."

*Chakula kizuri ila kidogo.* Omba kabla ya kupakuliwa: "Niongezee wali, nyama punguza." Mchuzi wa nyongeza kwa kawaida haulipiwi. Kulalamika sahani ikiwa nusu hakusaidii.

*Mama ametoweka.* Uliza kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, watajua alikohamia kabla ya mwenye nyumba wake. Mwaka 2021, machinga na mama lishe wengi walipoondolewa barabarani Dar na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, wateja waliwafuata kwa njia hiyohiyo. Ukimkuta mahali papya, kagua upya maji na mabeseni. Mpishi ni yuleyule, lakini bomba huenda liko mbali.

*Masika yameingia, Machi mpaka Mei.* Mitaro ikifurika, maji ya kuoshea ndiyo hubadilika kwanza. Kula kilichotoka motoni tu, matunda menya mwenyewe, kachumbari sahau. Kukiwa na tangazo la kipindupindu, beba chakula cha kutoka nyumbani na sahani yako.

*Tumbo limechafuka.* Anza ORS mara moja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Huna pakiti: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogo kidogo. Usikimbilie dawa za kufunga kuharisha wala kujinunulia antibayotiki. Ukiona damu, ukipata homa, ukitapika mpaka maji hayakai, au ukiharisha maji meupe kama ya mchele mfululizo, nenda zahanati saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukipona, fungua daftari uone ulikula wapi saa 24 kabla tumbo halijachafuka, na kabla ya kumlaumu mama wa mchana, angalia kama usiku uliotangulia ulikula kachumbari.